Kubishana bila kuvunjana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwenye grupu letu la mtaa, Arusha

Mimi ni mmoja wa maadmini watatu wa grupu la WhatsApp la mtaa wetu, upande wa juu wa jiji la Arusha, kule barabara inapoanza kupanda kuelekea Mlima Meru. Tumo watu mia nne na kitu: wenye nyumba, wapangaji, madereva wa utalii ambao wiki nzima wako porini, mama wauza ndizi, vijana wa bodaboda, wastaafu. Maswali haya nimeulizwa inboksi, dukani, ndani ya daladala, na moja nimeulizwa makaburini tukiwa tumemaliza kuzika.

Si ingekuwa bora grupu libaki la matangazo tu, wakaandika maadmini peke yao?

Tulishajaribu. WhatsApp waliweka uwezo huo mwaka 2018, na sisi tuliutumia baada ya ugomvi wa takataka. Gari la taka lilikuwa halijapita wiki tatu. Mwenye nyumba mmoja akadai wapangaji ndio hawalipi, mpangaji akamjibu, na kufika usiku watu walikuwa wanaanikiana mpaka mambo ya ndoa. Tukafunga. Kukawa kimya, tukapongezana.

Ndani ya wiki mbili yakafunguliwa magrupu mengine mawili, moja la wapangaji na moja la wenye nyumba. Kila upande ukawa unasema wenyewe na kujiitikia wenyewe. Uongo ambao kwenye grupu la wote ungekanushwa na mtu aliyekuwepo kabla chai haijapoa, kule ulikaa siku kumi bila kuguswa, ukaota mizizi. Tulipofungua tena, ilituchukua miezi kuwarudisha watu kwenye jamvi moja, na wapo ambao hawajarudi hadi leo. Ndiyo maana siku hizi, hata moto ukiwaka namna gani, tunafunga kwa saa chache tu usiku ili watu walale, na asubuhi saa moja tunafungua kama tulivyoahidi.

Kubishana na kugombana mnavitofautishaje?

Tunaangalia kinachozungumzwa. Mtu akiandika, "Elfu tano ya ulinzi shirikishi ni kubwa kwa anayepanga chumba kimoja, tuchange kwa kaya au kwa chumba?" huyo anabisha, na hata akiandika kwa ukali tunamwacha. Akiandika, "Nyie wa maghorofa mmezoea kula jasho la watu," mchango umeshasahaulika. Anayejibiwa hapo hana hoja ya kujibu. Amebakiziwa kujitetea yeye ni nani.

Ukali wenyewe si kosa. Wazee wa Kiarusha wakikaa kikao chini ya mti husemana maneno mazito kuliko yoyote niliyowahi kuyasoma kwenye simu yangu. Lakini anayesema husimama na fimbo yake mkononi, na wengine hukaa wakamsikiliza mpaka amalize. Kwenye simu tunasimama watu thelathini kwa mpigo. Kwa hiyo tuliweka utaratibu mmoja ambao umetusaidia kuliko kanuni nyingine zote: jambo likiwa zito, ukishaandika, subiri watu watatu wengine waandike ndipo urudi. Mwanzoni watu waliona kama wanafungwa mdomo. Baadaye wengi wamekiri kwamba walipofikiwa na zamu yao ya pili hawakuwa tena na haja ya kuandika kile walichokuwa wamekusudia.

Lazima nitumie jina langu halisi?

Ndiyo, jina ambalo majirani wanakujua nalo. Baba fulani, Mama fulani, jina la kazi, vyote sawa, ilimradi mtu akitaka kuja kubisha hodi kwako ajue anakuja kwa nani. Tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, anayejiita "Mtoto wa Simba" hajifichi serikalini wala kwenye kampuni ya simu. Anajificha kwa jirani yake tu, yaani kwa mtu yuleyule anayemsema.

Upo mlango mmoja tumeuacha wazi. Mtu anayejua mtoto anapigwa nyumba ya pili, au mfanyakazi wa ndani anayenyimwa mshahara, hawezi kulisema hilo kwa jina lake na kesho akachota maji bomba moja na anayemsema. Huyo anamwandikia admini mmoja, admini analibeba kwa jina lake mwenyewe. Akilibeba amejifunga nalo: likiwa la uongo, yeye ndiye anayeulizwa. Kwa hiyo kabla ya kulibeba huwa tunakwenda kuangalia kwa macho.

Mimi nimefowadi tu, sikuandika. Nina kosa gani?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nitalijibu kwa kirefu.

Ilipita kwenye magrupu ya upande wetu picha ya Noah nyeupe, namba za gari zikisomeka vizuri, na maneno kwamba gari hilo linazunguka shuleni kuiba watoto. Chini yake: "Nimeituma kama nilivyoipokea." Siku ya pili baba mmoja akaja na Noah nyeupe kumchukua mtoto wa dada yake shuleni. Si gari lile hata kidogo, namba hazikufanana. Vijana wakalizunguka. Mmoja alikuwa ameshaokota jiwe. Mwalimu aliyemfahamu yule baba akatoka mbio, akasimama katikati ya gari na watu, na kwa sababu yake siku ile haikuisha kwa msiba.

Jioni tukakaa maadmini tukarudi nyuma hatua kwa hatua. Watu kumi na mmoja wa grupu letu walikuwa wameipeleka ile picha kwingine. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona gari. Kila mmoja aliipokea kwa mtu anayemwamini, na huyo naye aliipokea kwa anayemwamini, na mwisho wa kamba hapakuwa na mtu. Wote kumi na mmoja ni watu wema. Wawili ni wazazi wa watoto wa shule ileile. Walituma kwa sababu ya hofu. Lakini yule baba angepigwa na hofu yao.

Yametokea makubwa zaidi kwa njia hii. India, mwaka 2018, watu zaidi ya ishirini waliuawa na makundi yenye hasira baada ya uvumi wa wezi wa watoto kusambaa kwenye simu. WhatsApp wakapunguza idadi ya sehemu unazoweza kufowadia kwa mara moja zikawa 5, kwanza India, kisha Januari 2019 dunia nzima. Aprili 2020 wakaongeza kwamba ujumbe uliokwisha kufowadiwa sana, ule wenye mishale miwili, uende sehemu moja tu kwa wakati, na kampuni ikasema ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Kidole kikikosa wepesi, uongo unakosa miguu. Kwa hiyo ukiona mishale miwili, jua habari imepita mikono mingi na hakuna aliyeishika.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamwadhibu anayesambaza taarifa huku akijua ni ya uongo, kwa nia ya kumkashifu au kumtisha mtu, au kuudanganya umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Aliyedanganyika kwa nia njema ana pa kusimama. Lakini kwenye grupu letu hatuanzi na hakimu. Tunaanza na maswali matatu ambayo aliyetuma lazima ayajibu mbele ya wote: nani ameona kwa macho yake, wapi, lini. Ukishindwa hata moja, unakanusha wewe mwenyewe, kwa jina lako, na unalipeleka kanusho kila ulikoipeleka habari. Hapo ndipo watu wanapoona uzito wake. Kutuma kwenye magrupu sita ni kazi ya nukta moja. Kurudi kwenye magrupu hayohayo sita na kuandika "niliyowatumia si kweli, nisameheni" ni kazi ya mtu mzima.

Nikikosea, si nifute tu?

Unaweza. WhatsApp inakupa dakika 15 za kurekebisha ulichoandika, na siku mbili na ushee za kukifuta kwa wote. Ila mia moja wameshasoma, na wanapoona pameandikwa ujumbe umefutwa kila mmoja anajaza pengo kwa mawazo yake. Futa, kisha andika ulichofuta kilikuwa nini na kwa nini umekifuta.

Admini anawajibika kwa maneno ya mwanachama?

Kuhusu mahakama, muone wakili. Kuhusu dhamiri, swali hili lina historia hapahapa mjini, na ninashangaa vijana wanaopita kila siku pale AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, bila kuijua.

Kwenye majengo yale ndiko ilikokaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda mpaka ilipofunga kazi mwishoni mwa 2015. Desemba 3, 2003 ilitoa hukumu ya kesi ya vyombo vya habari vilivyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio RTLM, na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Rufaa iliamuliwa Novemba 28, 2007. Ninayemfikiria mimi ni Nahimana, kwa sababu si yeye aliyekuwa akishika maikrofoni. Majaji wa rufaa walimfutia baadhi ya makosa na kumpunguzia kifungo kutoka maisha hadi miaka 30. Hatia ya uchochezi waliibakiza: alikuwa na mamlaka juu ya waliotangaza, alijua walichokuwa wakitangaza baada ya Aprili 6, 1994, na hakuwazuia wala kuwaadhibu.

Grupu la mtaa si RTLM, na kulinganisha wafu wa Rwanda na ugomvi wetu wa takataka ni kuwakosea heshima. Nachukua mizani tu waliyotumia majaji: uwezo wa kuzuia, kujua, na kunyamaza. Mimi nina uwezo. Tangu 2022 admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote. Kujua, nitajua, kwa sababu simu iko mfukoni. Kilichobaki ni kunyamaza, na hicho kiko mikononi mwangu. Kwa hiyo tumegawana zamu, asubuhi, mchana na usiku. Ujumbe unaomtishia mtu, unaotaja kabila au dini ya mtu kama sababu ya kumchukia, au unaoita watu wakusanyike kumpiga mtu, unafutwa mara tu aliye zamu anapouona, na anaandika palepale amefuta nini. Akilala zamu, anaulizwa.

Nikimkosoa mwenyekiti wa mtaa, nitaambiwa mchochezi?

Hapana, na jibu hili nalo limetoka Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu makao yake yako hapa. Desemba 5, 2014 iliamua kesi ya Lohé Issa Konaté, mhariri wa gazeti la L'Ouragan la Burkina Faso, aliyehukumiwa kwao mwaka 2012 kifungo cha miezi 12 kwa sababu ya makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka. Mahakama ilisema kumfunga mtu jela kwa kosa la kashfa kunavunja haki yake ya kujieleza, na kwamba mwenye cheo cha umma anapaswa kustahimili kukosolewa kuliko mtu wa kawaida. Ilibakiza nafasi ya adhabu kali kwa wanaochochea chuki na mauaji. Mji mmoja, hukumu mbili: moja inambana anayewasha moto, nyingine inamlinda anayeuliza. Ibara ya 18 ya Katiba yetu nayo inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza.

Sasa, kwa vitendo. "Mwenyekiti mwizi" ni maneno mawili yanayokuachia wewe mzigo wote wa ushahidi, na kumpa yeye sababu ya kutojibu. "Tulichanga Februari kwa ajili ya barabara ya kwenda shule, leo Juni sijaona hata lori moja la moramu, tunaomba mwenyekiti atueleze" ni swali ambalo hawezi kulikwepa bila mtaa mzima kumwona akikwepa. Naye yumo grupuni. Tunampa siku nzima ya kujibu kabla wengine hawajaendelea, na jibu lake tunalibandika juu, hata kama hatulipendi.

Vipi siasa za vyama?

Maji, barabara, shule, zahanati: zungumza, hata kama jambo hilo liko kwenye ilani ya mtu. Kampeni, sare na nyimbo za vyama hapana. Mpira tumeuruhusu Jumamosi na Jumapili.

Wengine wanaandika Kichaga au Kimaasai. Inaruhusiwa?

Salamu na pole, ndiyo, na mimi huzifurahia. Hoja ya wote iandikwe kwa Kiswahili, au aliyeandika aifasiri chini yake. Jirani asipoelewa hudhani anasemwa.

Hesabu za michango zinatolewaje?

Ugomvi tisa kati ya kumi niliouona grupuni, hata ule ulioanzia kwenye salamu, ukiuchimba unakuta chini yake kuna pesa ambayo haikutolewa hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kabla haijapotea mali, huanza kupotea heshima ya anayeishika, hata kama hajala senti.

Tunafanya hivi. Anayepokea kwenye simu yake si yule anayeandika daftari, na anayeandika daftari si yule anayekwenda kununua. Kila jioni anayepokea anaweka jumla, na makato ya kutoa pesa yanaandikwa kwenye mstari wake, kwa sababu elfu mbili tatu za makato zilishatuletea kesi. Risiti za dukani zinapigwa picha zikiwa na tarehe. Fundi asiyekuwa na risiti anaandika kwa mkono wake, anasaini, na mtu wa pili anashuhudia. Kazi ikiisha, kilichobaki kinatangazwa hata kama ni shilingi mia nane.

Palikuwa na ubishi wa kweli juu ya orodha. Wengine walitaka jina na kiasi cha kila mmoja kionekane. Nilikuwa upande huo, nikiamini uwazi ni uwazi. Kisha kwenye mchango wa msiba mama mmoja akatoa elfu moja, mtu akaweka kikaragosi cha kucheka, na mama yule hakuonekana matangani. Tangu siku ile orodha ina majina ya waliotoa bila viwango, jumla iko chini, na daftari lenye viwango liko wazi kwa yeyote anayekuja kulisoma ana kwa ana. Nilibadilishwa mawazo na waliokuwa wakinipinga, na ninawashukuru.

Naweza kuweka picha ya kitambulisho kilichookotwa, au cheti cha mgonjwa tunayemchangia?

Kitambulisho: andika jina tu, namba zifunike. Cheti cha hospitali: hapana, hata kwa nia njema, mpaka mgonjwa mwenyewe akubali. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, lakini hata kabla yake mtu mzima alijua ugonjwa wa mwenzake si wa kuanikwa kama nguo. Picha za watoto, muulize mzazi.

Mbona akina mama hawachangii hoja? Hawana la kusema?

Wanalo. Niliwauliza kumi, mmoja mmoja, na saba wakanijibu jambo moja: wakiandika tu grupuni, usiku wanaanza kupokea meseji kutoka kwa wanaume wasiowajua. "Nimeona namba yako kwenye grupu." Wengine hupigiwa simu za video saa sita usiku. Mmoja alikuwa na hoja nzuri kabisa kuhusu mtaro unaopita nyuma ya soko. Akaiandika, akapokea meseji nne, na hajaandika tena mpaka leo. Mtaro umekuja kuziba palepale alipokuwa amesema.

Wanaume wa grupu hili, naomba mlisome hilo mara mbili. Namba ya mtu kwenye grupu la mtaa imewekwa kwa ajili ya mtaa. Anayeichukua kumsumbua mtu anatolewa siku hiyohiyo, bila onyo. Ni kosa pekee lisilo na onyo. Na akiendelea, kifungu cha 23 cha ile Sheria ya Makosa ya Mtandao kinahusu unyanyasaji wa aina hiyo, na tutamsindikiza aliyesumbuliwa mpaka polisi. Tumeshamsindikiza mmoja.

Mtu amepiga skrinishoti ya maneno yangu akayapeleka kwingine. Ni haki?

Uliyoyasema mbele ya watu mia nne umeyasema hadharani. Lakini akikata ujumbe wa juu na wa chini ili maana igeuke, tunaweka mazungumzo yote kule alikoyapeleka.

Mmenitoa. Nifanyeje?

Kwanza, una haki ya kujua kwa nini. Hatolewi mtu na admini mmoja, isipokuwa kwa lile kosa la kusumbua na kwa vitisho. Wawili kati yetu lazima wakubaliane, sababu inaandikwa grupuni kwa mstari mmoja, na muda unatajwa: wiki, mwezi, au mpaka hesabu zirudi. Ukiona umeonewa, unamwandikia yeyote kati ya wazee wawili ambao si maadmini, nao wana uwezo wa kukurudisha bila kutuuliza. Wamewahi kutupindua mara tatu.

Utaratibu huu ulitokana na kosa langu. Tulichangishana kujenga karavati kwenye kona ambayo masika hukatika: mawe, saruji, nondo, fundi. Hela nilikuwa nashika mimi. Mama mmoja mtu mzima, mjane, akauliza mifuko ya saruji ilikuwa mingapi. Nikajibu kwa mkato. Akauliza tena. Ilikuwa saa tano usiku, nimetoka kazini nimechoka, na kwenye swali lake nilisikia neno ambalo hakuliandika. Nikamtoa.

Asubuhi grupu lilikuwa kimya kabisa. Sikuwahi kusikia kimya kama kile. Mia nne na kitu walikuwa wameona kwamba anayeuliza hesabu anafukuzwa, na hakuna aliyetaka kuwa wa pili. Hela yote ilikuwepo, na mifuko ilikuwa 38 kama nilivyonunua. Haikusaidia kitu. Kwa kumfukuza aliyeuliza, nilikuwa nimejipaka wizi kwa mikono yangu.

Kuomba radhi grupuni kunatosha?

Kwa maneno madogo kunatosha, mradi uombe palepale ulipokosea na utaje ulichokosea. "Kama kuna niliyemkwaza anisamehe" hatuipokei. Taja jina lake, taja neno lako.

Kwa makubwa, inuka uende. Yule mama ni mtu wa Marangu. Mimi si Mchagga, lakini nimeishi na Wachagga kiasi cha kujua isale, ule mmea wa majani marefu wanaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yao ya nyumbani. Jani lake ndilo linalopelekwa kwa uliyemkosea, na kulikataa si jambo dogo. Jirani yangu mzee wa Kichagga alinikatia jani kutoka kwenye ua wake, akakubali kunisindikiza. Njiani akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: mmea uleule unaoonyesha shamba lako linaishia wapi ndio unaotumika kuombea msamaha.

Nikasema shikamoo, nikampa jani kwa mikono miwili. Akaliangalia muda mrefu. "Marahaba. Mwanangu, mimi niliuliza tu mifuko mingapi." Nikamwambia thelathini na nane. Nikatoa risiti. Akavaa miwani, akazisoma zote, moja moja, tukiwa tumekaa. Kisha akaingia ndani kuchemsha chai. Jioni niliandika grupuni nilichofanya, kwa jina langu na jina lake, nikamrudisha, na nikaacha kushika hela.

Na maadmini wanawajibishwa na nani?

Kila Januari tunapigiwa kura grupuni, mmoja mmoja, ndiyo au hapana. Anayepata hapana nyingi anarudi kuwa mwanachama, haondoki. Kila aliyetolewa na kila ujumbe uliofutwa umeandikwa kwenye daftari, tarehe na sababu, na daftari hilo linasomwa kwenye mkutano wa mtaa kabla ya kura. Mwaka jana mwenzetu mmoja aliondolewa kwa sababu alikuwa akifuta ujumbe wa watu wasiokubaliana naye kuhusu kituo cha bodaboda. Alinuna mwezi mzima. Sasa ni mmoja wa wanaobisha vizuri kuliko wote, na hoja yake ya kituo imepita nusu.

Yule mama bado yumo?

Yumo. Ndiye anayeandika daftari la michango, ni mwaka wa tatu sasa. Jumapili iliyopita aliuliza kwa nini risiti mbili za nyaya za taa hazina tarehe, na fundi amerudishwa dukani kuzifuata.